Gofu ya Diski Kwenye Miti na Vilima: Hatua kwa Hatua

Kuna mlio ambao kila aliyecheza gofu ya diski katikati ya miti anaujua: ko! Diski imetoka mkononi vizuri kabisa, imekwenda mita kumi na tano, imekutana na shina, na sasa imelala nyuma ya mahali uliposimama. Mara ya kwanza unacheka. Kufikia shimo la sita (shimo ni safari moja, kutoka jukwaa la kuanzia hadi kikapu chake) huchekii tena kitu.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mchezo anaujua tayari. Umecheza viwanja vya wazi, unaijua kazi ya kufikisha diski kwenye kikapu cha minyororo kwa mirusho michache, na umbali wako unakuridhisha. Kisha ukaingia kwenye uwanja wa miti na vilima, umbali ule usikufae kitu. Kwenye uwanja wa wazi unaweza kurusha kwanza, halafu ukaenda kuona diski imefika wapi. Msituni ni kinyume: unaamua kwanza diski itue wapi, ndipo unatafuta mrusho wa kuifikisha hapo. Karibu kila kinachofuata hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Punguza mfuko

Draiva zako kubwa, zile diski za kurushia mbali, ziache. Zinahitaji nguvu zako zote ili ziruke zilivyokusudiwa, na msituni ni mara chache utapata nafasi ya kuzitoa nguvu zote. Draiva ya kasi 12 ikirushwa taratibu inakunja mapema na kuzama vichakani upande uleule kila mara.

Diski nyingi zina namba nne juu yake. Ya kwanza ni kasi, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu inaonyesha diski inavyoelekea kugeuka ikiwa bado na kasi, na ya nne inaonyesha inavyokunja kurudi upande wa pili ikianza kuchoka. Wengi husoma namba ya kwanza tu, kama mnunuzi wa gari anayeuliza spidi na kusahau breki. Msituni habari iko kwenye mbili za mwisho. Diski ambayo namba yake ya tatu ni 0 na ya nne ni 3 au 4, mimi naiita kaidi: uibembeleze vipi, itarudi upande wake. Yenye -2 au -3 kwenye nafasi ya tatu naiita legevu, kwa sababu inakubali kugeuzwa. Iliyo katikati ya hizo ni nyoofu.

Diski saba zinatosha: mbili za karibu, yaani zile za kasi 2 au 3 unazotilia kikapuni, tatu za kati za kasi 4 au 5, moja kaidi, moja nyoofu na moja legevu, kisha draiva mbili ndogo za kasi 6 hadi 8, moja kaidi na moja legevu. Ukilazimika kupunguza zaidi, punguza draiva. Diski ya kati nyoofu usiiguse, maana ndiyo itakayofanya nusu ya kazi siku hiyo.

Rangi nayo ni sehemu ya mchezo. Diski ya kijani inapotea kwenye majani mabichi, na ya njano, nyekundu au ya machungwa inapotea kwenye majani yaliyokauka chini. Waridi kali na buluu ya anga zinaonekana karibu kila mahali. Niliwahi kumiliki diski nzuri sana ya rangi ya udongo. Niliimiliki kwa mashimo manne.

Viatu viwe na meno, kwa sababu utarusha ukiwa umesimama kwenye mizizi, majani yaliyolowa na kokoto zinazoteleza. Beba maji kuliko unavyodhani utahitaji, na kitambaa cha kufutia diski na kiganja. Kama eneo lina kupe, vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi. Muonekano wake tuuache.

Hatua ya 2: Tembea kabla ya kurusha

Kwenye shimo lenye kona au kilima, kikapu hukioni kutoka jukwaa la kuanzia. Usikisie. Kama hakuna kundi linalosubiri nyuma yako, tembea hadi pale njia inapopinda, simama, tazama mbele kisha geuka utazame ulikotoka. Dakika mbili hizo zina thamani kuliko diski yoyote mpya.

Ukiwa hapo, hesabu kinyumenyume. Anza na kikapu: ni upande gani ungependa kusimama kwa mrusho wa kutia? Huenda upande wa kulia kuna korongo na upande wa kushoto pako wazi. Basi mrusho wa kabla ya huo utoke wapi ili utue kushoto? Huenda ni kwenye uwazi ule mita ishirini baada ya kona. Sasa rudi jukwaani ukiwa na swali moja tu: diski gani inatua kwenye ule uwazi? Kikapu kwa sasa hakikuhusu.

Utagundua pia kwamba mahali pazuri pa kutua mara nyingi si mahali pa mbali zaidi. Mita 60 katikati ya njia, ukiliona vizuri shimo lililobaki, ni bora kuliko mita 80 huku umejibana ukingoni nyuma ya mti. Na mrusho unaopita kona kwa mita kumi zaidi ya ulivyopanga unaingia msituni sawasawa na ule uliopungua. Kurusha mbali mno kwenye njia inayopinda ni kosa kamili, ingawa kosa hilo linawapendeza watazamaji.

Kabla hujarusha kwenda usikoona, hakikisha hakuna mtu. Mtume mwenzako mmoja asimame kilimani awe macho yenu. Diski ikielekea kwa watu, piga kelele mara moja, bila kungoja uone kama itawakosa.

Hatua ya 3: Tafuta mwanya, usahau miti

Macho hupeleka mkono. Ukiukazia macho mti mkubwa wa kulia huku ukijiambia usiuguse, umeshajipangia kuugonga. Chagua nafasi tupu kati ya miti, na ndani ya nafasi hiyo chagua kitu kidogo kilicho mbali zaidi yake, labda jani linalong'aa au doa jeupe kwenye gome la mti wa nyuma, urushe kukilenga hicho.

Mwanya wa karibu na wa mbali haupimwi kwa jicho moja. Ukikosea pembe ya kuachia diski kwa nyuzi 5, ukiwa mita 20 mbele utakuwa umekwenda pembeni kama mita 1.75; kufika mita 60 umekwenda pembeni zaidi ya mita 5. Kwa hiyo mwanya wa upana wa mita 3.5 ulio mita 20 mbele yako unakusamehe karibu nyuzi 5 kila upande. Mwanya wa upana huohuo ulio mita 60 mbele unakusamehe chini ya nyuzi 2, na hapo bado sijatoa upana wa diski yenyewe, ambao ni kama sentimita 21. Ukiwa na njia mbili, moja ikibana mwanzoni na nyingine ikibana mwishoni, chukua inayobana mwanzoni. Ukishavuka miti ya karibu, kosa dogo lina mahali pa kujificha.

Tazama na juu. Msitu una dari, na dari ya chini huua mirusho mingi ambayo ingepita vizuri kati ya mashina. Kama matawi yameinama, diski ipite kwa urefu wa kifua, nyoofu, bila kuinuka. Hapo diski ya karibu au ya kati ndiyo mwenyewe, maana haihitaji kimo ili ifike.

Tumia jukwaa lote. Hakuna anayekulazimisha kusimama katikati. Ukisogea hatua moja kwenye kona ya kushoto, miti miwili iliyokuwa imefungana inaachana. Watu wengi hurusha mwaka mzima kutoka katikati ya jukwaa wakilaumu mti ambao ungehama kama wao wangehama.

Hatua ya 4: Linganisha mrusho na pindo la njia

Nazungumza na anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze kila kitu.

Mrusho wa mgongo wa mkono, ule unaouvuta mkono kutoka kifuani, unaizungusha diski kama mishale ya saa ukiitazama kutoka juu, na mwishoni inakunja kushoto. Mrusho wa kiganja, ule unaochapwa kwa kifundo pembeni mwa kiuno, unaizungusha kinyume chake, na mwishoni inakunja kulia. Mwenye mirusho yote miwili ana ufunguo wa kila kona. Mwenye mmoja atalazimika kuipinda diski dhidi ya tabia yake, jambo linalowezekana lakini lina bei.

Njia ikipinda kushoto, mrusho wa mgongo wa mkono ukiwa na ukingo wa nje umeinama chini (wachezaji huuita haiza) ndio salama kuliko yote. Diski kaidi itaufuata mstari huo hata ukikosea kidogo. Njia ikipinda kulia, chaguo la kwanza ni mrusho wa kiganja. Kama hauna, chukua diski legevu, uiachie ikiwa sawa au ukingo wa nje umeinuka kidogo, uiache igeuke yenyewe. Hapo usiongeze nguvu. Diski legevu ikisukumwa kwa nguvu nyingi hugeuka mapema, hulala ubavu, ikaanza kubiringika kwenda kusikojulikana.

Njia nyoofu ndefu ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa kwenye ramani inaonekana rahisi. Hakuna diski inayokwenda moja kwa moja hadi mwisho. Jibu langu ni diski ya kati, nyoofu au legevu kidogo, kwa theluthi mbili za nguvu, bila kukimbia, hatua moja tu au nimesimama wima. Unapoteza mita chache na unapata mkono unaoachia diski mahali palepale kila mara. Hata wataalamu wanaopita uwanja wa Northwood Black kule Morton, Illinois, unaojulikana kwa njia zake nyembamba, utawaona wakichomoa diski za kati na za karibu pale ambapo wewe na mimi mkono ungekwenda kwenye draiva.

Hatua ya 5: Soma kilima

Hapa ndipo mahesabu ya tambarare yanapovunjika. Wabunifu wa viwanja hutumia kipimo cha kukisia: kila mita 1 ya kupanda huhesabiwa kama mita 3 za ziada, na kila mita 1 ya kushuka hupunguza mita 3. Shimo la mita 70 linalopanda mita 8 linachezeka kama la mita 94. Shimo hilohilo ukiligeuza likashuka, ni kama mita 46. Diski unayoichagua kwa 94 na unayoichagua kwa 46 si moja, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wageni wa vilima: wanasoma namba kwenye kibao na kuiamini.

Kupanda. Kikapu kiko juu, kwa hiyo mkono unainua pua ya diski, yaani ukingo wake wa mbele, kuelekea angani. Diski inapanda, inasimama hewani kama imesahau ilikokuwa ikienda, kisha inakunja na kuanguka mita ishirini mbele yako. Inua njia ya mrusho, pua iache. Ukirusha kwa mgongo wa mkono, bega la mbele liwe juu kuliko la nyuma, uvute mkono kwa mstari unaofuata mwinuko, na diski iwe sambamba na ardhi inayopanda. Kwa kuwa diski inapoteza kasi haraka ikipanda, tabia yake ya ukaidi huja mapema. Diski iliyo nyoofu kwenye tambarare itakuwa kaidi hapa, na legevu itakuwa nyoofu. Kwa hiyo chagua diski iliyo legevu zaidi kwa ngazi moja. Ukiwa na diski nyepesi, ya gramu 160 hivi, hapa ndipo mahali pake.

Kushuka. Huu ndio mrusho unaopigwa picha. Kule Santa Cruz, California, uwanja wa DeLaveaga una shimo la 27 linaloitwa Top of the World, unarusha ukiwa kileleni na dunia yote imetandazwa chini yako. Raha yake haielezeki, na hatari yake ni hiyo raha. Diski inayoshuka inakaa hewani muda mrefu, na muda wote inaendelea kukunja, kwa hiyo kupotoka pembeni ambako tambarare kungekuwa mita tano kunaweza kuwa kumi na tano. Upepo nao unapata muda wa kufanya atakalo. Chukua diski ya polepole kuliko unavyotamani, nyoofu, na uielekeze chini ya unapodhani. Mkono uliozoea tambarare huachia diski ikiwa sambamba na upeo wa macho, nayo hupaa juu ya mteremko badala ya kuufuata. Chagua lengo lililo chini, ikibidi mti ulio mbele ya kikapu. Na usikimbie ukielekea mteremko. Hatua moja inatosha, kilima kitafanya kilichobaki.

Ubavu wa kilima. Ardhi inashuka kuelekea upande mmoja wa njia, na hapa kazi kubwa si kuruka kwa diski bali kutua kwake. Diski ikigusa ardhi kwa ukingo inasimama wima, na ikisimama wima mlimani imekuwa gurudumu. Nimeona diski iliyokuwa mita tatu kutoka kikapuni ikibiringika mita arobaini, polepole, huku watu wanne wakiitazama bila la kufanya.

Dawa ni kuifanya itue kwa tumbo, yaani ulalo wa diski ufanane na ulalo wa ardhi. Mteremko ukishuka kushoto, haiza ya mgongo wa mkono inatua ukingo wa kushoto ukiwa chini, sawa na ardhi. Itateleza kidogo lakini haitasimama wima, basi lenga upande wa kilimani, juu kidogo ya kikapu. Mteremko ukishuka kulia, haiza hiyohiyo itachoma ardhi kwa ukingo na kugeuka gurudumu kuelekea bondeni. Hapo tumia mrusho wa kiganja, unaotua ukingo wa kulia ukiwa chini. Kama hauna, rusha diski ya karibu taratibu, itue bila kuinama upande wowote.

Mwili wako pia huinama na kilima bila wewe kujua, na diski huufuata mwili. Kabla ya kuvuta mkono, itazame diski yenyewe: imelala ulivyokusudia, au imelala kama ardhi iliyo chini ya miguu yako?

Upepo nausemea kwa kifupi. Chini ya matawi hausikiki, juu ya vilele upo. Kabla ya mrusho mrefu wa kushuka tazama vilele vya miti, si majani yaliyo usoni pako.

Hatua ya 6: Ukishaingia vichakani, toka kwa mrusho mmoja

Utaingia. Kila mtu anaingia. Tofauti ya kadi ya matokeo nzuri na mbaya hutokea dakika mbili baada ya hapo.

Kwanza itafute diski kwa akili. Wakati wa kurusha, kila mwenzako aifuate kwa macho hadi itulie na kila mmoja achague mti wa alama. Kwa sheria za PDGA, chama cha kimataifa cha mchezo kilichoanzishwa mwaka 1976, mna dakika 3 za kutafuta. Zikiisha, unaongezewa mrusho 1 wa adhabu na kurudi kurusha ulikotoka. Ikiwa diski imenasa mtini, alama yako, yaani mahali pa kurushia tena, ni chini yake kwenye ardhi, na kwa kawaida huna adhabu; ile sheria ya mita 2, inayokuadhibu diski ikinasa juu zaidi ya mita 2 kutoka ardhini, inatumika pale tu waandaaji walipoitangaza.

Pili, jua unachoruhusiwa. Nyuma ya diski yako una mstatili wa upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 30. Lazima mguu au sehemu nyingine ya mwili inayokubeba iwe ndani yake wakati wa kuachia, na kisiwepo kiungo kinachokubeba kilicho karibu zaidi na kikapu kuliko ukingo wa nyuma wa diski hiyo. Tawi kavu lililoanguka pale unaposimama unaweza kuliondoa. Lililo mbele yako kuelekea kikapuni liache. Mti ulio hai hauvunjwi wala haufungwi pembeni: chagua mkao unaosogeza matawi kwa uchache iwezekanavyo. Mkao ukishindikana kabisa, unaweza kurudi nyuma kwenye mstari wa kikapu na diski yako, umbali wowote, kwa mrusho 1 wa adhabu. Wachezaji wengi hawaikumbuki sheria hiyo na huishia kurusha wakiwa ndani ya miiba.

Tatu, chagua njia ya kutoka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipopoteza mirusho mingi ya maisha yangu. Shimo moja la mita 90 hivi liliwahi kunigharimu mirusho 9. Wa kwanza uligonga mti, jambo la kawaida. Mbele yangu kulikuwa na mwanya wa upana wa mlango unaoelekea kikapuni, na upande wa kushoto, hatua tano tu, njia ilikuwa wazi kabisa. Nikauchukua mlango. Diski ikagonga fremu, ikarudi nyuma yangu. Nikauchukua tena, kwa hasira sasa, na hasira ina mkono mbaya. Mara ya tatu ndipo mwenzangu aliponiuliza kama ule uwazi wa kushoto nimeuona.

Fanya hesabu hii kabla ya kurusha. Ukipita mwanya, umejiokolea mrusho mmoja, hauzidi. Ukikosa, umepoteza angalau mmoja, na ukirudishwa nyuma, wawili. Kwa hiyo mwanya usiouamini zaidi ya nusu, tena kwa kujiambia ukweli, uache. Irudishe diski njiani, hata ikibidi kuirushia pembeni au nyuma kidogo. Na ukiamua kutoka, toka kabisa. Mrusho wa kutoka ulio mlegevu mno huiacha diski vichakani vilevile, nao huuma kuliko kukosa mwanya.

Mirusho ya kutokea inahitaji mazoezi yake. Mrusho wa kiganja ukiwa umepiga goti hupita chini ya matawi. Diski ya karibu inayosukumwa kwa mkono ulionyooka bila nguvu hufika mita 25 bila kuinuka. Diski legevu inayoachiwa kwa ukingo hubiringika chini ya dari usiyoweza kupita kwa hewa, mradi ardhi iwe safi. Na wa juu ya kichwa, diski ikiwa wima mkononi, huvuka vichaka vifupi ukitaka kurudi njiani kwa juu. Chagua miwili kati ya hiyo uizoeze. Minne yote kwa nusu nusu haitakutoa popote.

Hatua ya 7: Kutia kikapuni kwenye mteremko

Ed Headrick alipokuwa akitengeneza kikapu cha minyororo miaka ya 1970, aliwapa wachezaji kitu kinachopokea diski kutoka pande zote. Kilima kinaondoa usawa huo. Pande zote zinapokea, lakini si pande zote zinakusamehe ukikosa.

Ukitia kutoka chini kuelekea juu, diski iliyokosa inagonga kilima na kusimama karibu. Ukitia kutoka juu kuelekea chini, diski iliyokosa inaendelea na safari, na mrusho uliofuata unaweza kuwa mrefu kuliko uliokosa. Ndiyo maana kwenye hatua ya pili nilikwambia uanze na kikapu: kwenye mteremko, jaribu kila mrusho wa kukaribia uishie chini ya kikapu.

Ukiwa chini, lenga juu kuliko kawaida, minyororo ya juu kabisa, na usukume zaidi kwa miguu. Ukiwa juu, diski huelea na kupita juu ya kikapu, kwa hiyo lenga nusu ya chini ya minyororo na uiachie pua ikiwa imeinama. Kama nyuma ya kikapu kuna bonde na umbali wako unazidi mita nane au tisa, hakuna aibu kuiweka diski karibu na nguzo na kumaliza kwa mrusho unaofuata. Ndani ya mita 10 sheria inakutaka uonyeshe umetulia kabla ya kuvuka alama yako. Mlimani hili si dogo, kwa sababu mwili unavutwa bondeni. Panua miguu, mguu wa nyuma uuchimbie kidogo ardhini, ukitia simama palepale uhesabu moja.

Tawi likiwa limeziba mbele ya uso, usiliinamie kwa shingo. Panua miguu kushoto na kulia, ushushe kiuno chote, utie kwa chini. Mkao huu unaonekana wa ajabu mara ya kwanza, ila ni nusu ya mikao utakayohitaji msituni.

Hatua ya 8: Ilinde miguu

Mashimo 18 ya vilima ni matembezi mazito kabla hujarusha hata diski moja, na uchovu hujitokeza kwenye mkono kabla hujausikia miguuni: diski zinaanza kuachiwa chelewa, pua inainuka, kila kitu kinakunja mapema. Kunywa maji kila mashimo mawili, kiu ije isije. Ukifika jukwaani unahema, subiri. Una sekunde 30 za kurusha baada ya zamu yako kufika na njia kuwa wazi, lakini unaweza kuanza kupumua ukiwa bado unapanda, kwa kwenda taratibu.

Kushuka kwenye majani yaliyolowa kunaangusha watu kuliko kupanda. Nenda kimshazari, si moja kwa moja, mkono mmoja ukiwa mtupu wa kushikia mti. Mwenda pole hajikwai, na msemo huo hapa hauna mafumbo yoyote. Diski ikiteleza bondeni usiikimbilie. Haiendi popote zaidi.

Hatua ya 9: Rudi na kadi yako

Ukitaka mchezo ujao uwe bora, usiandike matokeo peke yake. Kando ya kila shimo andika herufi moja: M kama mrusho wa kwanza uligonga mti ndani ya mita 20 za mwanzo, U kama ulichagua umbali usio sahihi, K kama kilima kiliichukua diski baada ya kutua. M zikiwa nyingi, tafuta miti miwili iliyoachana hatua tatu, simama mita 15 nyuma yake, urushe diski za kati kupitia katikati hadi kumi mfululizo zipite. U zikiwa nyingi, rudi kwenye hesabu ya mita 3 kwa kila mita 1. K zikiwa nyingi, cheza shimo moja la ubavuni ukiwa na diski ya karibu tu, mara tano, na utazame namna inavyogusa ardhi badala ya kutazama kikapu.